Wino kwa Kidole, Siku ya Karatasi ya Hesabu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na nne, hedimasta wa shule ya msingi upande wa Ahero, pale mashamba ya mpunga inaanzia. Niko na bibi na watoto sita. Nimeomba ukurasa huu ufiche jina langu kwa sababu mtu ninayeandika juu yake anasoma hii gazeti pia. Anasoma nakala yangu, kwa ofisi yangu, saa ya chai. Tumwite Okoth.

Tulifika hii shule pamoja miaka michache baada ya Uhuru, wote walimu wa daraja ya chini. Nyumba zetu zilikuwa zimeshikana ukuta. Kijana wangu wa tatu nilimpa jina lake. Wakati huo ukitaka kupandishwa cheo ulikuwa unasoma kwa posta, halafu unaenda Kisumu kufanya mtihani. Ukipita masomo tano unapata cheti. Masomo unachagua mwenyewe, hakuna mtu anakuuliza kwa nini umechukua hii ukaacha ile.

Okoth alisema tuchukue Kiingereza, Jiografia, Historia, Sayansi na Hesabu. "Omera, ndugu yangu, sisi ndio tunafundisha hawa watoto. Tukikimbilia zile rahisi, wao tutawapa nini?" Nikakubali, tukapeana mkono. Basi kila Jumamosi, karibu miaka miwili, alinifundisha Hesabu kwa ubao ya darasa la saba. Hakuchoka na mimi. Nikikosea alikuwa anacheka. "Bwana, hata hiyo ng'ombe hapo dirishani imeshaelewa. Imebaki wewe."

Siku ya kupeleka fomu alikuwa na homa, akanipa yake nipeleke. Yangu nilijaza huko Kisumu, nimesimama kwa kaunta. Nikaandika Kiingereza na Jiografia. Halafu nikaandika Dini, Kiswahili na Afya. Hizo nilijua nitapita. Sikuwa nimepanga. Niliona tu mkono ikiandika.

Kuchagua rahisi sio dhambi, najua. Lakini nilirudi nikamwambia fomu zimeenda, na Jumamosi iliyofuata nikakaa tena mbele ya ubao na daftari yangu. Hiyo ndio sielewi mpaka leo.

Asubuhi ya karatasi ya Hesabu tulipanda basi moja. Watu walikuwa wengi, tumegawanywa vyumba, kwa hivyo hangejua niko ndani ama siko. Historia na Sayansi pia ilikuwa hivyo, na zile tatu zangu nilifanya siku ambazo yeye hakuwa na karatasi. Nilimwambia atangulie. Nikatembea mpaka kwa gati, nikakaa masaa matatu nikiangalia wapagazi wakishusha mifuko kutoka kwa meli. Kabla ya kurudi nilifungua kalamu yangu nikajipaka wino kwa kidole.

Okoth alitoka na karatasi ya maswali mkononi. "Swali ya sita ilikuwaje?"

"Ilinisumbua," nikasema.

"Hata mimi. Karatasi yako iko wapi?"

"Nimeacha ndani."

Akaangalia kidole yangu, akanipiga mgongoni. "Japuonj, leo umeandika kabisa." Japuonj ni mwalimu. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo.

Majibu ya mtihani ilitupata nje ya posta ya Ahero, kila mtu na bahasha yake. Yeye alipata Hesabu, vizuri sana, na Kiingereza na Jiografia. Sayansi na Historia zikamwangusha.

"Na wewe?"

"Zote tano."

"Hata Hesabu?"

Hapo ndio ningesema. Nikasema, "Hata Hesabu."

Akakunja karatasi yake mara nne. "Basi kichwa yangu ndio mbaya. Mtu nimefundisha mimi mwenyewe amenipita." Halafu akanipa mkono.

Hakurudia mtihani tena. Angejua nilichagua nini, angechagua hizo hizo na angepita. Mimi nilipandishwa, yeye akabaki pale pale. Hesabu ya darasa la saba nampa yeye kila mwaka, na watoto wakipita, mkaguzi anakuja kunisalimia mimi. Nikiingia darasani Okoth anasimama pamoja na watoto. Imekuwa miaka tisa. Mtu atafikiri moyo inaniuma. Haiumi. Nakula, nalala, Jumapili nasoma Biblia mbele ya watu. Ni kama mguu umekalia mpaka imekufa ganzi, unaiona lakini si yako.

Sasa ofisi ya elimu imeandika barua. Mtu aliye na masomo tatu ya zamani anaweza kuongeza mbili mwaka huu. Baada ya hapo ile ya zamani haitahesabiwa. Nilimwita Okoth nikamwambia achukue Dini na Kiswahili.

Akacheka kidogo. "Hedi, wewe umepita Hesabu na Sayansi, unanihurumia na Dini? Wacha tu. Mimi najua kipimo yangu."

Siku ya kufunga shule akaniletea ile karatasi ya maswali. Ameiweka miaka hii yote ndani ya daftari. Anataka shule ikifunguliwa niingie darasani nionyeshe watoto vile nilifanya swali ya sita. "Wajue hedimasta wao ni mtu gani."

Nilimwambia bibi yangu kila kitu. Alikuwa anachambua omena, wale dagaa wa ziwa, hakuinua macho.

"Fomu inafungwa lini?"

"Wiki ya kwanza ya muhula."

"Na Okoth anajua?"

"Bado."

"Sasa Baba Achieng, mimi unaniambia nifanye nini nayo?"

Kazi yangu haiwezi kupotea, cheti ni halali. Kitu itapotea ni vile ananiangalia. Fomu yake nimeshajaza kwa penseli, imebaki sahihi. Hii likizo nimejaribu swali ya sita karibu kila siku, sijaipata, na mtu wa kunielekeza ni yeye peke yake.

Nyinyi mnaosoma, niambieni. Nimpelekee ile karatasi yangu ya majibu kutoka posta, aone masomo niliyofanya, na mkono wangu mwenyewe, ama hii gazeti ikitoka niiache wazi kwa meza, saa ya chai, nitoke nje?