Viwavi wa Ukoo Mmoja

Kwa misimu miwili Mama Mianda, muuza vitambaa wa soko la Manika, hakumsalimia jirani yake wa shamba, Tata Kankolongo. Viwavi walikuwa wamemaliza mahindi yake, naye aliapa kwamba walivuka mtaro kutoka kwa mzee huyo, aliyekuwa ameleta mbegu kutoka Kisenge.

Mtafiti aitwaye Micheline alipokuja kukusanya viwavi, Mianda alimkabidhi chupa mbili: moja ya viwavi wake, nyingine ya wale wa jirani.

"Pima damu yao, mama. Mi nataka karatasi ya kuonyesha pasta wa kanisa, atuamue."

Baada ya miezi mitano Micheline alirudi, akawaita wote wawili shambani. Akawaeleza kwamba chembe za urithi za viwavi wa chupa zote mbili zilionyesha ukoo mmoja, na kwamba mababu wa ukoo huo walitoka Amerika.

"Umesikia?" Kankolongo alimwambia Mianda, uso umemchangamka. "Banatoka Amerika, hapana kwangu!"

Mianda akamgeukia mtafiti.

"Mama, andika na hii: mudogo wa huyu mzee iko Amerika."

Micheline aliinamia daftari lake kuficha kicheko. Kankolongo yeye alicheka waziwazi mpaka akakaa kwenye tuta, machozi yakimtoka. Mianda hakuwa amefanya mzaha hata kidogo, lakini alipomwona mzee amekaa vile, kicheko kikamshinda naye.

Jumamosi iliyofuata walikwenda pamoja kuokota viwavi kwa mikono, wakigombana tu juu ya shamba la kuanzia.