Mbio Alizozikataa Mapalo

Miguu ya Mapalo ilitengenezwa na makala, haya makaa ya kupikia. Tangu ujana wake alikuwa akishusha makala kutoka porini, upande wa barabara ya Kasenga, magunia yamefungwa juu ya baiskeli mpaka yakampita kimo, naye kwenye mlima anasukuma na kwenye mteremko anamwomba Mungu. Breki yake ilikuwa kandambili: kisigino kinakanyaga tairi mpaka harufu ya mpira ulioungua inatoka. Sasa mtu wa namna hiyo, mvue mzigo, mpe baiskeli nyepesi ya mashindano, unadhani atafanya nini? Ataruka tu. Usione vyaelea, vimeundwa.

Aliyemvua mzigo ni kaka yake mkubwa, Bwalya. Lubumbashi yote, walau ile inayojali mbio za kinga, kama watu wa huku wanavyoiita baiskeli, ilimjua Bwalya. Ndiye aliyemfundisha mdogo wake kula upepo: ukae nyuma kabisa ya tairi ya mwenzako, yeye apigwe na upepo, wewe upumzike. Na siku zote Bwalya ndiye aliyekaa mbele. Kisha dhiki ikampeleka jeshini, jeshi likampeleka mashariki kwenye vita, na mji aliokuwa akiulinda ulipoanguka mikononi mwa waasi, Bwalya akanyamaza. Simu yake haikuita tena. Hapakuwa na mwili, wala hakuna mwenzake aliyerudi akasema, nilimwona akianguka.

Mama yao, Edith, ambaye mtaa wao wa Katuba wote unamwita Mama Bwalya, alikataa kilio. Watu walikuja na mikeka yao kulala matangani, akawarudisha kutoka mlangoni. "Mutoto yangu hajakufa," akawaambia. "Sasa nilie muntu gani? Muniletee mwili yake, njo nitalia." Na pasipo kilio hakuna kupyana, desturi ile ambayo ukoo humkalisha ndugu mmoja, ukamnywesha maji na kumpa jina la marehemu, ili roho yake ipate makao. Basi Bwalya, kama alikwisha kuwa roho, hakuwa na pa kukaa duniani.

Hapo ndipo Mapalo alipofanya kosa lake. Jezi zake zilikuwa zimechakaa, akavaa ya kaka yake. Asubuhi moja, alipokwisha kuupita uwanja wa ndege akielekea Kasenga, mzee mmoja aliyekuwa amepanga samaki wakavu kando ya barabara aliiona jezi ile akaruka kwa furaha. "Bwalya! Kumbe uko muzima!" Mapalo alikuwa kwenye mlima, pumzi imembana, na nani anataka kuanza kusimulia habari za vita akiwa kwenye mlima? Akainua mkono. "Eeh!" akaitika, akapita zake.

Hakufika mbali, upepo ukakatika.

Kiangazi upepo wa barabara ile haukatiki hivi hivi. Unakuja usoni pamoja na vumbi jekundu, unakushindilia kifuani kama mtu aliyekukataza kuingia kwake. Majani ya kando ya barabara yaliendelea kulala, vumbi likaendelea kumpita kushoto na kulia, lakini usoni pake palikuwa pametulia tuli. Mapalo aliujua utulivu ule. Ni utulivu wa kuwa nyuma ya mtu. Akatazama mbele: barabara tupu, jua, na kunguru mmoja. Akaacha kukanyaga, upepo ukarudi. Akakanyaga tena kwa nguvu, akamfikia. Akamfikia nani, jamani? Akageuza kinga, akarudi nyumbani.

Lakini binadamu huzoea hata yasiyozoeleka. Siku zilivyokwenda, akawa anautafuta utulivu ule mwenyewe. Akishaziacha nyumba za mwisho za mji unakuja, ukimya mbele ya uso, na miguu yake inapata wepesi ambao si wake. Gérard, kocha wake, mtu mnene anayemfuata kwa pikipiki akipiga kelele, alianza kuitikisa saa yake akidhani imeharibika.

"Mapalo, unakulaka nini?"

"Bukari, kocha," akajibu, yaani ugali ule ule wa kila siku.

"Bukari gani hii? Na miye munipatie!"

Basi jina lake likapita kwenye timu ya taifa. Mashindano ya dunia ya baiskeli! Yeye, mtu wa makala, aliyekwisha kuvuka miaka thelathini, umri ambao mkimbiza baiskeli hapewi nafasi ya pili. Kinywa hakikufungika siku nzima. Kisha akaambiwa mbio zitafanyika wapi, kikafungika. Ni katika nchi ya jirani. Jirani yule yule ambaye huku kila mtu, kuanzia redio mpaka padri, anasema ndiye anayewapa waasi bunduki. Jirani mwenyewe anakana. Lakini kukana kwake hakukumrudishia Mama Bwalya mtoto.

Mtaa ukawaka. Vijana wakasema redioni kwamba Mkongomani atakayekanyaga kule ni msaliti. Wengi wao, na isemwe tu, hawajawahi kupanda hata mlima mmoja kwa baiskeli. Ni rahisi sana kususia mbio ambazo hukualikwa. Lakini si wote waliosema kwa midomo tu. Kulikuwa na wajane wa askari waliomsimamisha Mapalo njiani, wakamshika mkono bila kusema neno, na huo ulikuwa uzito mwingine.

Jioni moja Gérard alikuja uani kwa Mama Bwalya, akakaa kwenye kiti, kikalia kwa uzito wake.

"Mama, uchungu yenu minaijua," akasema. "Lakini malori ya shaba inapita hapa kila siku, nani anaiulizaka inaenda kwa nani? Hakuna. Miguu ya masikini tu njo banaiuliza. Mapalo akibaki, banafunga mbio? Habafunge. Batakimbia, batapiga makofi, na hakuna mwenye atajua kama siye tuko. Akienda, batasoma jina ya inchi yetu mu kifua yake. Kwa nguvu batasoma."

"Basome!" Mama Bwalya akajibu, hakuinua macho kwenye mboga aliyokuwa akichambua. "Kusoma itanirudishia nani? Weye Gérard, usikilize. Huyu atalala mu nyumba yabo. Batamupatia chupa ya maji mu njia, atapokea, atasema aksanti. Batamupiga foto, atacheka. Atabauliza mukubwa yake iko wapi? Hatabauliza. Mugeni haulizake. Mukono yenye ilinikamatia mutoto, huyu mwingine aende kuishika?"

Gérard akashika tama. Kisha akaaga, akawasha pikipiki.

Mapalo aliwasikia wote wawili, na ubaya ni kwamba wote wawili walisema kweli. Alitaka kwenda. Alitaka mpaka meno yakamuuma. Lakini kila alipojiona kule, alijiona akipokea maji kwa mtu anayetabasamu, na moyo ukakataa. Akamweleza mke wake, Cathy, habari ya upepo, kwa mara ya kwanza, wakiwa wawili tu jikoni. Alisema yote, mpaka mzee wa samaki na ule mkono aliouinua.

Cathy akaacha kusonga bukari. "Ulimuitikia?"

"Nilikuwa ku mlima, Cathy."

"Mlima gani! Jina ya muntu mwenye hajapyaniwa haiitikwake! Umemuita, sasa iko na weye." Akafikiri, mwiko mkononi. Sauti yake ilipotoka tena ilikuwa ndogo. "Anakaa nyuma yako ao mbele?"

"Mbele."

"Anakuangalia?"

"Simuone, nitajua namna gani? Minasikia mugongo yake tu."

"Mugongo," Cathy akasema. "Bibi yangu alisemaka, marehemu akisimama mbele yako mu njia, amekugeuzia mugongo, anakuzibia. Hataki upite. Mapalo, yaya yako Bwalya, mukubwa yako, anakukataza kwenda kwa bale bantu."

Maneno yale yalimwingia kama maji kwenye mchanga. Kwa kweli yalimpumzisha. Mtu aliyechoka kuamua humshukuru anayemwamulia, hata akiwa amekufa. Kesho yake akamwambia Gérard haendi, akasema hivyo hivyo redioni pia, kwa maneno machache: kule alikopotelea ndugu yake, yeye hataenda kucheza. Watu walimbeba juujuu sokoni. Nafasi yake hakupewa mtu mwingine. Na tangu siku ile, akitoka kwenda Kasenga, upepo ulimpiga usoni wote, mzima, bila huruma. Mapalo akajiambia: amani, yaya ameridhika, ameondoka kwenda kupumzika. Cathy naye akasema hivyo.

Siku ya mbio sebule ya Mama Bwalya ilijaa. Mama mwenyewe alitaka televisheni iwashwe; alitaka kuwaona watu wale, akasema, awaangalie machoni. Gérard naye alikuja, amenuna, lakini ng'o, mbio hazimpiti. Mapalo alikaa kwenye mkeka, karibu na mlango. Mtangazaji alisoma nchi moja moja na alipofika kwa Kongo akasema tu kwamba hawapo, kisha akaendelea na nyingine. Hivyo tu. Watu waliposikia hivyo walipiga makofi, lakini makofi yenyewe yalikuwa machache, na Mapalo alihisi jambo dogo likimvunjika ndani.

Wakakimbia. Mzunguko ukafuata mzunguko, watu kando ya njia wanapunga vibendera, mji safi, maua kila mahali. Kisha Gérard akasogeza kiti chake mbele.

"Aba bako na nini?" akasema. "Angalia pale nyuma. Juu ya nini banaacha nafasi?"

Kundi lilikuwa limebanana, bega kwa bega, kama inavyokuwa watu wakipanda mlima. Lakini kwenye mkia palikuwa na uwazi wa urefu wa baiskeli moja. Hakuna aliyeuingia. Aliyekuwa nyuma ya uwazi ule alikuwa ametulia, kichwa chini, amekaa kama anayekula upepo wa mtu. Kundi lilipokata kona, uwazi nao ukakata kona. Mmoja alitaka kupita pale, akashtuka, akakwepa, akageuza kichwa kutazama alichokwepa. Mtangazaji hakusema kitu.

Mama Bwalya akainuka. Akaenda mpaka kwenye televisheni, akaweka kidole kwenye kioo, juu ya uwazi ule, na kidole kikawa kinaufuata.

"Huyu hapa," akasema, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo mtaa ulikuwa umeisahau. "Minawaambiaka kila siku, hamusikie. Huyu hapa, Bwalya. Mayo wee, amekonda! Angalia vile amekonda."

Akageuza kichwa kwa mwanawe aliye mkekani.

"Mapalo, si unamuona yaya yako?"

Mapalo alifungua kinywa. Angeweza kudanganya, na hata leo hajui kwa nini hakudanganya. "Mama, miye minaona nafasi tu."

Mama Bwalya akamtazama Gérard. Gérard akainamisha kichwa. Akamtazama Cathy, akatazama majirani mmoja mmoja, akitafuta jicho moja lililoona alichokiona, na kila aliyemtazama alitazama chini. Kidole chake kilikuwa bado kwenye kioo. Furaha ikamtoka usoni polepole, kwa sababu alikuwa mtu wa hapa na alijua, kama wote mle ndani walivyojua, kwamba mtoto aliye hai haonekani na mama yake peke yake.

"Basi alikufa," akasema.

Akafungua kitambaa cha kichwa, akaketi sakafuni, na kilio alichokuwa amekizuia miezi yote ile kikatoka. Ua mzima ulikisikia, kisha mtaa. Wanawake walishuka chini pamoja naye. Cathy alikuwa amejiziba mdomo kwa upindo wa kikwembe alichojifunga, anamtazama mumewe, na Mapalo akaona kwamba wamelifikiria jambo moja, na kwamba hawatalisema mbele ya watu. Bwalya hakuwa amemzibia Mapalo njia. Alikuwa amekaa mbele, kama siku zote, anamkatia upepo, anampeleka. Nao wakamwacha aende peke yake kwa watu wale, bila hata mtu mmoja wa damu yake nyuma ya tairi.

Majirani wakaanza kutoa viti na meza nje, kama inavyofanywa nyumba inapofiwa, ili pawe na mahali pa mikeka. Gérard, machozi yanamtiririka kwenye mashavu yake manene, alinyoosha mkono kuzima televisheni kabla mbio hazijaisha, kwa heshima ya msiba.

Mapalo akamshika mkono.

"Acha, kocha," akasema. "Yaya hajafika."