Kikombe Kilichowekwa Chini

Mzee anayemimina kahawa kwenye ukumbi wa matanga pale Wahdat, kambi ya wakimbizi wa Kipalestina mjini Amman, haketi. Miguu imemvimba, lakini anazunguka tu, birika kushoto, kikombe kulia, na sauti ileile iliyochoka: "Karibu, baba." Wageni wakianza kubishana juu ya Septemba ile ya 1970, jeshi la mfalme lilipopigana na wapiganaji wa Kipalestina mitaani, yeye hugeuka kuchochea makaa. Jana alipomfikia Haji Mitlaq, mstaafu wa jeshi lile, alijimiminia mwenyewe, akaketi mbele yake na kukiweka kikombe chini bila kunywa. Wageni wakageuka kutazama, maana afanyaye hivyo ana ombi, wala hanywi mpaka atimiziwe.

"Kunywa, bwana," Haji akasema. "Lolote utakalo, umepata."

"Kaka yangu, Septemba ile, mlimzika wapi?"

Haji akainamisha kichwa. Kahawa ikapoa. Mzee akajiinua, akaimwaga, akamgeukia mgeni aliyefuata: "Karibu, baba."