Kiazi Chenye Macho

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha biolojia mjini Kakamega, mwanafunzi mmoja alikataa katakata kwamba kiazi cha mviringo ni shina.

"Mwalimu, kinakaa chini ya udongo. Ni mzizi," alisema, na darasa zima likamuunga mkono. Niliwasomea kitabu mara mbili, wasisadiki.

Nikamwomba mama aje kutoka Matungu, ambako amelima miwa maisha yake yote. Aliacha shule akiwa darasa la tano. Alifika amejifunga kitambaa chake cha kanisani, akaweka mezani kipande cha muwa, kiazi cha mviringo na kiazi kitamu.

"Mbegu ya muwa tunaichagua kwa kuangalia nini?" aliwauliza.

"Macho, mama."

"Na macho, yale yanayochipua, hukaa kwenye shina, pale jani lilipokuwa limeshika. Sasa nionyesheni kiazi chenye macho."

Yule mwanafunzi alichukua kile cha mviringo, akakigeuzageuza, kisha akacheka. "Kumbe ni shina kweli!"

Mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliniuliza mgeni wangu ni mtaalamu kutoka wapi. Nilimjibu kwa sauti, darasa lote lisikie, "Huyu ni mama yangu."