Mnyororo kwenye Mlango wa Kiwanda

Mshonaji alijua mambo yameharibika alipokuta mnyororo na kufuli la geti havipo, na dumu la mafuta ya taa limetoweka. Chumbani kwa mdogo wake kitanda kilikuwa kimetandikwa, viatu vya kazini havipo. Na kazini alishafukuzwa.

Akaiacha pasi ikiunguza suruali ya mteja, akatoka mbio.

Mdogo wake alichelewa kusema. Utotoni daktari alitamka neno usonji, akataka aletwe kila wiki asaidiwe. Baba yao aling'aka: "Mwanangu haumwi, ni mkaidi tu!" Hakurudishwa tena. Akakua hivyo hivyo, mpole, wa kuziba masikio kukiwa na kelele. Kiwanda cha magodoro kilimpa kazi ya kukata sponji, akaimudu vizuri mno. Wenzake wakambatiza Roboti. Siku moja walimfungia stoo kwa utani, wakaangua vicheko yeye akipiga mayowe. Alipotoka akamtwanga mmoja ngumi, na aliyefukuzwa akawa yeye.

Tangu hapo alikuwa akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na wao nitawafungia. Halafu niwashe moto."

Dada mtu hakulifanyia mzaha. Alikwenda kliniki, wakamwambia wanahudumia watoto tu. Meneja wa kiwanda alicheka mpaka chai ikampalia: "Roboti? Yule hata paka akimfukuza anakimbia!" Polisi wa zamu hakuinua macho: "Kafanya nini? Bado? Basi akifanya, njoo."

Sasa alimkuta mbele ya mlango mkubwa wa kiwanda. Mnyororo ulikuwa umekazwa kwenye vishikio, mafuta yametapakaa kizingitini. Ndani watu waligonga na kulia. Njiti ya kibiriti ilikuwa ikiwaka mkononi mwake.

"Usisogee, dada."

"Sisogei. Nipe ufunguo, mdogo wangu."

"Walicheka."

"Najua. Nilikwenda kuwasemea, hawakunisikiliza. Mimi nakusikiliza. Nipe nifungue, makelele haya yaishe."

Akamtazama, akaipuliza njiti. Akawasha nyingine. Kisha, polepole, akanyoosha mkono wenye ufunguo. Ulipotua tu kiganjani mwa dada, mlinzi wa kiwanda, aliyekuwa amenyemelea, akamrukia kijana kwa nyuma. Njiti ikaanguka.

Moto ulipanda mlangoni kwa mkupuo mmoja. Mshonaji aliingiza mikono humo humo, akapapasa kufuli, akalifungua. Watu walimwagika nje wakikanyagana. Wakataji wawili wa chumba cha nyuma hawakutoka. Moshi wa sponji uliwawahi.

Siku ya uchunguzi wa moto mbele ya hakimu, meneja aliapa kwamba hakuna aliyejua lolote. Mshonaji akasimama, mikono imefungwa bandeji mpaka viwikoni.

"Mheshimiwa, mimi nilimwambia. Alikuwa anakunywa chai."

Meneja akainamia kalamu yake.

Vidole havikunyooka tena, cherehani akaiuza. Kila siku ya kutembelea wafungwa humwendea mdogo wake. Akirudi hupitia kwa mjane wa mmoja wa wale wakataji. Mjane bado hajamfungulia mlango, naye hajaacha kubisha hodi.