Niliwasingizia Mbuzi Maua ya Mama

Nimekosa jamani, na afadhali niwaambie ninyi msionijua kuliko paroko anayeijua sauti yangu!

Nimemaliza chuo, nasubiri ajira nyumbani, kijijini Tumati. Mtu asiye na kazi huwaza mno. Kwaresima iliyopita niliona kwenye simu video ya kutunza peoni, maua ya Ulaya. Msimu ukiisha, mashina yake hukatwa mpaka karibu na ardhi. Nikayatazama mawaridi ya mama. Petali nyingi, harufu nzuri. Si ni yale yale tu? Nikachukua mkasi, nikafyeka yote.

Mungu wangu! Kumbe nilikuwa nimekata vitumba vya Pasaka! Mama ndiye hupamba altare kila mwaka.

Nikaponda ncha za mashina kwa jiwe ili zionekane zimetafunwa. Nikaokota kinyesi cha mbuzi njiani, nikakimwaga pale chini. Nilimwaga kingi, maana niliwaza: mbuzi mmoja mama hataamini.

"Ni mbuzi wa Mama Yosefu," nilimwambia aliporudi.

Mama Yosefu, jirani yetu, alikuja kuomba radhi machozi yakimlengalenga. Tangu siku hiyo mbuzi wake wakafungwa kamba. Pasaka altare ikapambwa kwa majani matupu. Mbuzi wakilia kambani, nilikuwa naziba masikio!

Mvua zikanyesha. Weee! Mawaridi yakachipua, yakachanua kuliko miaka yote. Yalipokwisha, nikamsikia mama akiita ng'ambo ya uzio:

"Mama Yosefu, niletee wale mbuzi wayapogoe tena. Wana mdomo mzuri!"

"Kweli, dada? Nawafungua sasa hivi!"

Nikiwa nimesimama mlangoni nikawaza: nikinyamaza, leo watakula mpaka mizizi. Nikisema, nimekwisha. Nikiwa bado nawaza, beberu akaingia, akang'ata shina la kwanza.

"Mama, ni mimi! Mbuzi hawakugusa kitu!"

Mama Yosefu akashika kiuno. "Yaani msomi, nimewafunga wanyama wangu kwa ajili ya mkasi wako?"

Nikamwamkia: "Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako kawape mbuzi!"

Mama akaongeza: "Na uwachunge."

Ndiyo kazi yangu sasa, pamoja na shahada yangu. Naandika haya nikiwa malishoni, beberu ananitazama vibaya.

Mwenzangu, ukiharibu, sema siku hiyo hiyo! Usimsukumie kosa asiyeweza kujitetea. Na kabla hujashika mkasi, hakikisha ua la kwenye video ndilo lililo mbele yako!