Makopa ya Chini ya Gunia

Mwaka wa Elinino, Somoe wa Mtawanya alikuwa akiuza makopa, ile mihogo iliyokaushwa, sokoni Chikongola. Asubuhi moja bwana afya alisimama mbele ya gunia lake na kumwomba sampuli ya kwenda kupima, maana mvua zilikuwa zimelowesha vyakula vingi. Somoe akachagua makopa meupe ya juu, akayapangusa kwa kanga, akampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni.

"Mama, leo mimi si mgeni," bwana afya akacheka. "Nipe ya chini."

"Ya chini siuzi, baba. Yana weusi kidogo. Hayo tunakula wenyewe nyumbani, mimi na wanangu."

Bwana afya hakucheka tena. "Basi hayo ndiyo nianze nayo. Na mpaka majibu yaje, watoto wasiyaguse."

Somoe aliinamisha gunia, akamjazia mfuko makopa yaliyoota ukungu. Jioni alirudi nyumbani na yale meupe, akayatwanga, akasonga ugali. Wanawe waliuona ulivyo mweupe, wakatazama mlangoni.

"Mama, mgeni yuko wapi?"

"Hakuna mgeni," alisema. "Naweni, mle."